Bei ya Mwamba

Mkaguzi alikuja Februari, theluji mabegani,
na daftari lenye safu tatu mbele ya kila jina:
kusoma, kuandika, hesabu.
Kila vema, shilingi mbili na peni nane.
Kila kosa, sifuri, na sifuri ile
ilitufuata nyumbani, ikavuta kiti, ikala nasi.

Baba yangu, Mwalimu Ithel, hakulala.
Nilimsikia ukutani akihesabu watoto
kama mama anavyohesabu viazi vya chini ya gunia:
huyu atafaulu, huyu huenda, huyu ameoza upande...
Akajishika mdomo.
Hakuwahi kumwita mtoto hivyo.

Kijiji chetu cha Welisi kilikuwa cha sleti.
Sleti mapaani, sleti makaburini,
sleti magotini mwetu, tukiandika na kufuta
kwa mate na mkono wa koti.
Mlima uleule uliowala baba zetu vidole.

Akaanza Lowri, akafaulu. Huw akafaulu.
Wa tatu alikohoa hata saba mara nane ikampotea;
surua ilikuwa ingali usoni,
mama yake kamleta kamfunika blanketi,
kwa kuwa baba alimwomba.
Alimwomba. Nimeliandika hilo
maana hakuna safu yake.

Kisha Meurig, mwana wa Caradog mpasua mawe.
Alisimama wima, akafungua kitabu,
akakimwaga Kiingereza kama maji ya mfereji:
habari za mfalme, za meli, za simba,
pasi kukwama, pasi kupumua,
na kitabu kimepinduka, miguu juu.

Hatukucheka.
Sote tulikuwa tumekimeza kitabu kile
kama dawa ya minyoo.
Nyumbani tulisema Kiwelisi, shuleni tulisema kitabu.
Yule simba wa Kiingereza, mimi
nilidhani ni jina la mjomba wa mfalme.

Mkaguzi akanyoosha kidole, taratibu,
akakigeuza kitabu kikakaa sawa.
Meurig akanyamaza.
Ndiyo kwanza aliziona herufi, na herufi zikamwona.

Kalamu ilining'inia hewani.
Baba aliitazama
kama watu wa machimboni watazamavyo jiwe lililolegea juu.
Ikashuka. Ikaandika: vema.
Sijui ilikuwa huruma,
au baridi, au treni ya saa tisa.

Jioni akaja Caradog, vumbi kwenye kope, akakataa kuketi.
"Mwalimu, hata mimi hulipwa kwa ninachokitoa.
Kila mwezi napatana bei na msimamizi.
Lakini yeye huja kwanza na nyundo, huugonga mwamba,
hutega sikio. Mwamba ukiwa na nyufa
huniongezea, maana anajua nitatoa jasho nipate kifusi.
Huyu wako aligonga nini?"
Akaivaa kofia, akaivua tena.
"Na jiwe langu, hata liwe bovu vipi,
haliamki na njaa."

Baba hakujibu. Alikuwa anajumlisha.

Nikanunuliwa viatu.
Cha kushoto ni kusoma kwa Meurig,
cha kulia ni hesabu ya Huw;
kamba, labda, za Lowri.
Mtoto wa surua hakununua kitu.

Zamani, kabla ya daftari, Heledd aliwahi kuuliza:
mbona sleti hukubali kupasuka upande mmoja
na upande wa pili hugoma?
Baba alifunga kitabu, akatutoa nje sote,
tukashinda mlimani mpaka giza, tukigonga, tukisikiliza,
tukarudi na kucha nyeusi na maswali mengine kumi.

Oktoba ile, baada ya viatu, akanyosha mkono tena.
Jambo la mvua, nadhani, au la mwezi.
Baba alimtazama muda mrefu.
"Hilo," akasema, "haliulizwi Februari."

Mkono ukashuka.
Darasa likawa kimya, kimya kabisa,
nami nikaikaza miguu chini ya benchi
ili viatu visilie.